Namba Iliyohamia Chunya

"Imeingia, mama?"

"Bado."

"Angalia tena. Huku wameandika kwamba wameshatuma."

Eveline Kalinga aliikodolea macho simu, akaifuta kioo kwa kanga, akaitazama tena. Alisimama uani kwake Ilula, kando ya banda la nguruwe, mahali pekee ambapo mtandao ulishika sawasawa. Jua la jioni lilikuwa limeanza kulegea. Kutoka barabara kuu zilisikika breki za mabasi na sauti za wanawake wakikimbilia madirishani na ndoo za nyanya na vitunguu. Mumewe, Saulo, aliketi kwenye kigoda na miwani puani, kalamu mkononi, kipande cha gazeti juu ya goti, tayari kuandika.

Kwenye kioo cha simu alikuwamo binti yao wa pekee, Jackline. Kule Marekani ilikuwa asubuhi, naye alikuwa ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Uso wake ulikuwa umevimba kwa uchovu, na kila alipogeukia kompyuta yake tumbo lilijaa kwenye picha. Mtoto alikuwa amebakiza mwezi na kitu.

Alichokuwa anatafuta kilikuwa karatasi moja. Miezi mingi nyuma alimjazia mama yake fomu ya viza, akalipa ada, akapewa tarehe ya usaili ubalozini Dar es Salaam. Sasa tarehe ilikuwa inakaribia, na bila karatasi ya miadi askari wa getini wasingemruhusu mama kuingia. Karatasi yenyewe ilikaa kwenye mtandao wa maombi ya viza. Zamani uliingia kwa neno la siri tu. Siku hizi mtandao ulidai pia namba sita zinazotumwa kwenye simu ya mwombaji. Kwa usalama wako, waliandika.

"Mama, umeweka laini gani humo?"

"Hii hii tunayoongea."

"Siyo hii. Ile ya zamani, inayoishia sabini na nne."

Eveline na Saulo wakatazamana. Ile laini ya zamani ilikuwa ya simu ya vitufe. Siku Jackline alipowatumia simu kubwa ya kugusa, muuza vocha wa pale stendi aliwauzia laini mpya yenye bando la bei nafuu, na ile ya zamani ikaenda kulala kwenye kopo la sindano na vifungo. Saulo aliinuka, akaingia ndani, akarudi nayo. Waliipachika kwenye tundu la pili la simu ya Saulo. Simu ikafikiri kwa muda mrefu, kisha ikaandika kwamba hakuna huduma.

"Kwa nini uliweka hii, Jackline?" Saulo aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Ndiyo ninayoijua kwa kichwa, baba. Niliikariri tangu niko bweni. Hizo nyingine zote nazisoma kwenye simu."

Saulo akachukua simu yake mwenyewe, akabonyeza ile namba ya zamani, labda ili ajiridhishe tu kwamba imekufa. Ikaita.

"Haloo!" Ilikuwa sauti ya mwanamume. Nyuma yake mashine ilinguruma.

"Habari za kazi, ndugu yangu. Samahani, hiyo laini unayotumia ilikuwa ya mke wangu."

"Eti nini?"

"Kuna meseji imeingia hapo kwako sasa hivi, ina namba sita. Tulikuwa tunaomba utusomee."

Mashine ikasikika kwa mbali; alikuwa amesogea pembeni.

"Kumbe bado hamjachoka," yule mtu akasema taratibu. "Mwaka jana mlinipigia hivi hivi, kwa sauti ya upole hivi hivi. Nikawasomea namba. Mkakomba hela yangu yote ya tumbaku. Leo mmerudi?"

"Hapana, ndugu yangu, sisi ni watu wazima, tuko Ilula huku, binti yetu..."

"Na mimi niko Chunya, kwenye karasha! Ukizitaka hizo namba njoo uzichukue kwa mkono wako, mwizi mkubwa wewe!"

Akakata. Saulo alipopiga tena, haikuita. Alipiga kwa simu ya Eveline. Ikaita mara moja, yule mtu akasikia "Habari" tu, nayo akaizuia.

Saulo alikuwa mzee wa usharika, mtu wa kuhesabu sadaka na kufunga mlango wa kanisa. Hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Alikunja kile kipande cha gazeti ambacho hakikuandikwa kitu, akakitia mfukoni.

"Basi mama, tutajaribu kesho," Jackline alisema. "Ngoja nilale kidogo." Lakini hakukata. Alikaa akiwatazama, nao wakakaa wakimtazama, mpaka bando likaisha.

Kule Jackline hakuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Miezi miwili kabla ya hapo mumewe, Philbert, alisimamishwa na maofisa wa uhamiaji akiwa njiani kwenda kazini. Maombi yake ya kibali yalikuwa bado yanashughulikiwa na risiti ilikuwa mfukoni. Zamani risiti hiyo ilitosha. Sasa siasa za kule zilikuwa zimegeuka, na Philbert alikuwa kizuizini katika jimbo jingine, akipiga simu siku anazopata salio. Jackline naye vibali vyake vilikuwa njiani. Angetoka kuja kuzalia nyumbani, asingeruhusiwa kurudi. Ndiyo maana ilibidi mama aende.

*

Kwenye ofisi ya kampuni ya simu mjini Iringa, Eveline alipewa karatasi ya foleni na kuonyeshwa kiti. Kulikuwa na baridi ya kiyoyozi na televisheni iliyoonyesha familia ikicheka na simu mkononi, ikicheka tena na tena. Namba yake ilipoitwa alikwenda kwenye kaunta, akaeleza kila kitu tangu mwanzo: binti, ujauzito, kopo la vifungo, mtu wa Chunya. Msichana wa kaunta alisikiliza huku vidole vikitembea kwenye kompyuta.

"Mama, laini isipotumika miezi mitatu inafungwa. Ikishafungwa inarudi sokoni."

"Lakini ni yangu. Niliisajili kwa kidole changu. Nimekaa nayo tangu binti yangu yuko kidato cha pili."

"Ilikuwa ya kampuni, mama. Wewe ulikuwa unaitumia."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayesoma ubao. Eveline aliuliza kama wanaweza kumpigia yule bwana kwa simu ya kampuni, wamwambie kwamba yeye si mwizi. Msichana akasema taarifa za mteja ni siri. Kisha akamwandikia namba ya huduma kwa wateja, akabonyeza kitufe, na namba ya mtu mwingine ikaitwa.

Alipiga huduma kwa wateja akiwa amesimama barazani. Sauti tamu ya kike ilimkaribisha, ikamwomba aeleze tatizo lake kwa maneno machache. Eveline akaiamkia ile sauti kwa shikamoo, ingawa ilisikika changa, maana alikuwa anaomba. Akaeleza kwa maneno mengi. Sauti ikajibu, "Umechagua kununua bando la wiki." Alijaribu tena. Sauti ikamshukuru kwa kuchagua kampuni yao.

Kutoka hapo alikwenda steshenari ya Shobha Mulji. Watu wa Iringa waliokuwa na fomu za mtandaoni, za vyuo, za mikopo, za kazi, walipeleka kwa Shobha, kwa sababu alikuwa na mashine nzuri na hakuwacheka. Alizaliwa pale pale mjini, juu ya duka lile lile, na akina mama wa sokoni walimwita mwenzetu.

"Tubadilishe namba kwenye fomu, basi," Shobha alisema. "Hilo dogo." Akatafuta, akabonyeza, akasoma. Akasoma tena.

"Vipi?"

"Wanasema ili ubadilishe namba, weka kwanza zile namba sita walizotuma kwenye namba yako ya zamani."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo hiyo, mama."

Chini ya ukurasa kulikuwa na kidirisha cha msaada. Shobha akaandika kwa Kiingereza, jibu likaja kabla hajatoa mikono kwenye vitufe.

"Amesemaje?" Eveline alisogeza kiti.

"Anasema anasikitika sana kwa usumbufu."

"Nani huyo anayesikitika? Mwulize jina lake, labda ni mzazi."

Shobha alivuta pumzi. "Si mtu, mama. Ni kompyuta."

Eveline aliitazama ile sentensi ya Kiingereza asiyoweza kuisoma. Shobha akakataa malipo. Alisema dada yake yuko ng'ambo, na mama yao alifariki wakisubiri karatasi kama hizi, kisha akageuka haraka kumhudumia mwanafunzi aliyetaka kutoa kopi.

Jioni, Saulo alipomwekea mkewe chai, alikuta ameshatoa begi uvunguni.

"Unakwenda wapi?"

"Chunya."

"Eveline. Yule mtu katutukana."

"Amesema nizifuate kwa mkono wangu. Wengine wote hawakuniambia hata pa kufuata."

Saulo alikaa. Alifikiri juu ya nguruwe, nauli iliyotosha mtu mmoja, na magoti ya mkewe. Kisha akachukua simu yake, akafanya kama anataka kumtumia hela yule mtu, na kabla ya kuthibitisha jina likajitokeza kwenye kioo. Akaliandika kwa herufi kubwa: GWAKISA EZRON MWAIPAJA.

*

Eveline alilala Uyole kwa binamu wa Saulo, na asubuhi akapanda gari la Chunya, lililopita milimani kwenye ukungu na kuteremka upande wa pili penye joto, miti mikavu na vumbi la rangi ya matofali. Mwendesha bodaboda wa pale stendi alilisoma lile jina, akacheka. "Huyu Gwakisa wa karasha? Twende."

Karasha lilikuwa banda la mabati lililosaga mawe ya dhahabu, na kelele zake zilisikika kabla halijaonekana. Watu wapatao kumi walikuwa pale, wengine wakibeba viroba, wengine wakiosha unga wa mawe. Mwanamume mrefu, mweupe kwa vumbi tangu nywele hadi viatu, alikuwa anamwaga mawe kwenye mashine.

"Gwakisa Mwaipaja?" Eveline alipaza sauti.

"Shikamoo, mama. Ndiye mimi."

"Marahaba, baba. Nimetoka Ilula. Nimefuata zile namba."

Kwa kelele zile Gwakisa alisikia neno moja tu, namba, lakini lilimtosha. Alizima mashine. Ukimya ulioingia uliwafanya wote wageuke.

"Ni wewe? Mmefika mpaka huku?" Akawageukia wenzake. "Jamani, wale matapeli wa simu niliowaambia, huyu hapa mmoja wao! Kaja mwenyewe!"

Watu wakasogea. Kijana mmoja akatoa simu na kuanza kumchukua video, akizunguka ili ampate usoni. Mwingine akauliza begi lile lina nini. "Fungua begi, bibi!" Eveline alilifungua. Vilionekana gauni la kubadilisha, Biblia, chupa ya maji na mayai ya kuchemsha aliyofungiwa Uyole. Yule mwenye simu alilichukulia begi nalo video. Eveline alitazama huku na huku. Hakuona pa kukaa.

Mwanamke aliyekuwa anaosha unga wa mawe aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga. Alikuwa Apolonia, mke wa Gwakisa. Alimtazama mgeni kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Gwakisa, hebu tumia akili. Tapeli gani anapanda gari kuja kukuonyesha sura yake?"

Akageuza ndoo, akamwambia Eveline akae. Kisha akamwambia yule kijana ashushe simu, au ampigie mama yake amweleze anachofanya. Kijana akashusha.

Eveline alikaa kwenye ndoo na kueleza. Hakueleza kwa ufasaha. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akamtaja Philbert kabla ya kusema kwamba Jackline ameolewa. Gwakisa alisimama na mikono kiunoni, akitazama pembeni.

"Hata yule wa mwaka jana alikuwa na hadithi nzuri," alisema hatimaye. "Alisema mtoto wake yuko wodini."

"Nitampigia. Umwone mwenyewe."

Jackline alipokea akiwa kitandani. Aliona uso wa mama yake, bati, kisha mwanamume mweupe kwa vumbi asiyemjua. Akajiinua kwa shida.

"Shikamoo, baba," alisema.

Gwakisa alisita. "Marahaba. Ndiyo wewe uliyeko Marekani?"

"Ndiyo mimi. Nisamehe kwa usumbufu, baba. Hiyo namba ilikuwa ya mama."

"Najua. Nimekuwa napata salamu zako." Alikohoa. "Nilipoinunua tu hii laini, watu walinipigia wakaniita Mama Jackline. Mwalimu wako mmoja. Na mwanamke mmoja wa kanisani, alikuwa ananiimbia. Sikujua Jackline ni nani."

Jackline alicheka, na alipocheka alishika tumbo, akakunja uso kidogo. Apolonia akapiga kelele kwenye simu kutoka nyuma ya bega la mumewe, "Pole, mwanangu! Lala ubavu wa kushoto!"

Gwakisa akatoa simu yake mfukoni, akaipuliza vumbi. "Haya. Waambie watume."

Jackline alibonyeza kule. Simu ikalia hapa, mlio mdogo wa kawaida kama wa meseji yoyote. Gwakisa akasoma namba moja moja, kwa sauti kubwa, kama anavyosomewa mtu aliye ng'ambo ya mto. Wale wote waliokuwa wamesogea walisubiri kimya, na Jackline aliposema, "Imefunguka," walipiga makofi, yule kijana wa video naye akapiga.

Eveline alimshika Gwakisa mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga," alisema, shukrani pekee ya Kinyakyusa aliyoijua. "Ndaga fijo, baba."

Gwakisa hakuweza kumrudishia laini, kwa kuwa wenzake wa shimoni na wanunuzi wa dhahabu walimpata kwa namba ile. Naye Jackline alipojaribu kubadilisha namba kwenye fomu, mtandao ulikataa kwa sababu usaili umekaribia. Lakini Gwakisa aliwafungulia Saulo na Eveline pale alipowazuia. "Ikija meseji yoyote kutoka huko," alisema, "nitakupigia mimi mwenyewe."

*

Shobha aliitoa karatasi ya miadi nakala mbili, moja kwa rangi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. Kwa wiki ile Eveline aliishi kama mtu aliyeshaondoka. Alisaga ulezi, akakaanga karanga, akafuma soksi ndogo za sufu ya njano. Jioni moja Saulo alimkuta amekaa kitandani na koti lake la kanisani amelivaa, akijaribu kufikiria baridi ya huko.

"Nikifika nitamkumbatia yeye kwanza au nitamshika mtoto kwanza?" alimuuliza.

"Utakuta mtoto bado tumboni," Saulo alisema. "Utawakumbatia wote pamoja."

Siku ya safari walisimama kando ya barabara kuu tangu alfajiri wakisubiri basi la Dar es Salaam. Wauza nyanya walikuwa wameshafika na meza zao. Walimtania Eveline, mmoja alimwagiza Mzungu, mwingine akamwagiza theluji kwenye chupa. Mwanamke mmoja alimtia mkononi kifuko cha karanga bila kusema kitu, maana mwanawe alikwenda Afrika Kusini na hakurudi.

Simu ililia. Eveline aliona jina la Gwakisa, akatabasamu.

"Mama Jackline, shikamoo."

"Marahaba, baba. Tuko barabarani hapa, basi linakaribia."

Mlio wa karasha haukusikika. Alikuwa amekwenda mbali na mashine.

"Mama, kuna meseji imeingia jana jioni. Ya Kiingereza. Nimempelekea mwalimu anisomee. Halafu asubuhi hii nimempelekea na mwingine, nisije nikakwambia kitu cha uongo."

"Wamesemaje?"

"Wanasema miadi yako wameifuta. Kuna amri imetoka huko Marekani. Watu wa nchi yetu, na nchi nyingine wamezitaja, viza za kutembelea zimesimama."

Basi lilitokea kwenye kona, taa bado zinawaka. Wauza nyanya wakainua ndoo na kukimbia.

"Mpaka lini?" Eveline aliuliza.

"Hawajaandika lini."

Kondakta alikuwa ameshateremka, anaita Dar, Dar, na mkono wake ukashika begi. Saulo akaishika kamba ya upande wa pili.

"Haendi," alisema.

"Mmelipa tiketi!"

"Tunajua. Haendi."

Kwenye simu Gwakisa alikuwa bado yupo. "Nimeona nikupigie kabla hujapanda," alisema. "Unisamehe, mama."

"Umenikosea nini wewe?"

"Imepitia kwangu."

Eveline alimshukuru, akamwombea kazi njema, akampa salamu ampelekee Apolonia. Basi liliondoka na vumbi lake. Ili kurudi nyumbani ilibidi wapite tena mbele ya meza zote zile, Saulo na begi, Eveline na koti mkononi. Hakuna aliyetania. Wanawake walijifanya wanapanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jackline alipoambiwa hakulia. Alisema alishaona kwenye taarifa ya habari, akatumaini tarehe ya mama itakuwa imewahi. Saulo aliuliza ile ada kama watarudishiwa. Hairudishwi, Jackline akasema, wameandika mwanzoni kabisa. Halafu akauliza nguruwe wanaendeleaje, nao wakamweleza habari za nguruwe kwa kirefu.

*

Mtoto alikuwa wa kike. Jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke wa Kisomali aliyejua Kiswahili cha Mombasa, ndiye aliyempeleka Jackline hospitali na kumshika mkono. Philbert alisomewa jina la mtoto kwenye simu ya kizuizini, dakika zikamwishia akiwa analirudia. Kampuni ya nyumba ya wazee ilipanga zamu zake kwa programu ya simu, na programu hiyo ilimpongeza Jackline kwa jina lake, kisha ikamuuliza kama ataiweza zamu ya mwisho wa mwezi. Kulikuwa na kitufe cha ndiyo na kitufe cha hapana. Mahali pa kueleza hapakuwapo.

Jioni moja, akina Eveline wakiwa wanakula, alipiga.

"Mama, kitovu kimedondoka. Wamesema sasa naweza kumwogesha kwenye beseni. Naogopa. Anateleza."

Wakaacha chakula, wakatoka uani. Saulo akashika simu kwa mikono yote miwili, akiielekeza kwa mkewe, ili mikono ya Eveline iwe huru. Kule, Jackline aliegemeza yake kwenye ukuta. Likaonekana beseni jeupe, mvuke mwepesi wa maji, na mtoto kwenye taulo, mdogo kuliko walivyofikiri, ngumi amezikunja.

"Maji yapime kwa kiwiko. Siyo kwa kiganja, kiganja chako kimezoea moto. Sawa? Haya. Mkono wa kushoto pitisha chini ya shingo, mshike bega la mbali. Hivi." Eveline alimwonyesha. Aliinama mbele ya simu, mkono wa kushoto umekunjwa juu ya hewa, na Saulo, aliyekuwa ameuona mkono ule umekunjwa hivyo hivyo miaka mingi iliyopita, akatazama chini, kisha akakumbuka kushika simu sawasawa.

"Hivi, mama?"

"Teremsha zaidi. Miguu ianze. Mwambie unachofanya, usimwogeshe kimya."

Mtoto alipoguswa na maji alilia kwa nguvu. Eveline akaanza kumwimbia kwa Kihehe, polepole, maneno ya kumbembeleza, na kule mbali kilio kikakatika, kikawa kwikwi, kikanyamaza. Jackline alimtazama mwanawe, kisha akainua macho kwenye simu.

"Anakusikiliza, mama. Amegeuza kichwa."

"Ni bibi yako," Eveline alimwambia mtoto. "Ni bibi, niko hapa. Haya, Jackline, chukua maji kwa kiganja, mpitishie kifuani. Kwapani. Kwenye mikunjo ya shingo, maziwa yanajificha huko."

Mkono wa Jackline uliinuka na maji. Ukabaki pale pale, umeinuka, matone hayadondoki. Uso wa mtoto ulikuwa umegeukia upande wao, kinywa wazi kidogo.

"Imeganda," Saulo alisema baada ya muda. "Ngoja nikate nipige upya."

"Usikate."

"Mama Jackline, imeganda."

"Sisi ndio hatuoni. Labda yeye bado anasikia."

Saulo hakukata. Nguruwe walikuwa wanakoroma bandani, na chakula ndani kilikuwa kinapoa. Eveline alisogeza uso karibu na simu, karibu kabisa na ule mkono uliosimama, na mikono yake mwenyewe ikaendelea.

"Sasa mgeuze," alisema. "Taratibu. Mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kidevu kikae juu ya maji. Usimwogope, mwanangu. Mwoshe mgongo."